Maji kwenye slaidi ya gari-nyumba: kutafuta yanakoingilia na kuyaziba

Habari mbaya huanzia mguuni. Umeamka usiku kunywa maji, huna viatu, na ukipita karibu na kochi lililo ndani ya slaidi, ile sehemu ya gari-nyumba inayosukumwa nje ubavuni, unakanyaga zulia lililolowa chepechepe. Mvua ilinyesha jana. Ukimulika tochi darini hakuna tone, dirishani hakuna alama, ukuta mkavu. Asubuhi watu wengi hufanya jambo lile lile: wananunua mirija miwili ya silikoni, wanaegemeza ngazi, wanapaka kila mwanya unaoonekana. Mvua nyingine ikija zulia linalowa tena, na safari hii fundi atamaliza nusu siku akikwangua silikoni kabla hata hajaliona tundu.

Nayajua haya kwa sababu nilifanya hivyo hivyo. Nilibadilisha raba zote za juu za slaidi, kazi ya wikiendi mbili, kumbe maji yalikuwa yakiingilia kwenye fremu ya dirisha, yakishuka ndani ya ukuta na kutokea sakafuni mita nzima kutoka yalikoanzia. Ndiyo maana mwongozo huu umeegemea zaidi kwenye kutafuta. Kuziba ufa ni kazi ya saa mbili tatu. Kuujua ufa ndiyo kazi yenyewe.

Slaidi inavyozuia maji

Slaidi ni sanduku lenye paa, sakafu na kuta zake, linalosukumwa nje ya ubavu wa gari kwa mota ya umeme au kwa haidroliki ili kuongeza nafasi ndani. Kwa kuwa linatembea, haliwezi kugandishwa kwenye ukuta wa gari. Pengo linalobaki hufungwa kwa raba za aina mbili. Moja ni raba ya ulimi, ukanda mwembamba ulioshikizwa kwenye ukuta wa gari, unaolalia paa na kuta za slaidi na kuzipangusa inapotembea. Nyingine ni raba ya bomba, yenye uwazi katikati kama ile ya mlango wa gari dogo, ambayo hufanya kazi pale tu inapobanwa.

Raba za bomba ziko nje na ndani, na hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Slaidi ikiwa imefungwa, ukingo wake wa nje huibana raba ya nje. Ikiwa imetoka yote, ukingo wa ndani huibana raba ya ndani. Hilo peke yake linakupa jibu la kwanza: gari likivuja barabarani huku slaidi iko ndani, usipoteze muda na raba za bomba za ndani; likivuja mmeegesha na slaidi iko nje, raba ya bomba ya nje haina kosa.

Zaidi ya raba kuna sehemu ambazo hazitembei kabisa lakini zimetobolewa skrubu: ukanda unaofunika kingo za paa la slaidi, fremu ya dirisha, taa ya nje, reli ya turubai linaloifunika slaidi kwa juu. Kwa maoni yangu hizi ndizo zinazosahaulika zaidi. Raba huonekana imechakaa, basi lawama zote huiendea yenyewe.

Je, ni mvua kweli?

Kama slaidi ina sinki au friji yenye mpira wa maji, kausha sakafu, washa pampu ya maji halafu usifungue bomba lolote kwa saa moja. Pampu ikijiwasha yenyewe mara kwa mara, maji yanatoka mahali ndani ya gari na mvua haihusiki. Mipira inayojikunja kila slaidi inapotembea huchoka kwenye viungio; ipapase kwa karatasi kavu ya choo, maana karatasi huonyesha hata unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Jasho la baridi, yaani matone ya unyevu wa hewa, nalo hudanganya. Hujitokeza alfajiri, kwenye vioo na vyuma, na hulowesha eneo pana kidogo kidogo, tofauti na mvujo ambao una mahali pake.

Halafu kuna kosa la kufunga slaidi ambayo paa lake lina maji. Dimbwi dogo lililobaki juu, au majani makavu yaliyokwama chini ya ulimi wa raba, husafirishwa hadi ndani na kumwagika juu ya kochi. Ukiona maji muda mfupi tu baada ya kufunga, panda ngazi siku nyingine, pangusa paa la slaidi kwa kikwangua cha mpira kabla ya kuifunga, uone kama tatizo linarudi. Angalia pia kama gari limekaa sawa: weka pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, sakafuni. Gari likiinamia upande ulio kinyume na slaidi, maji ya paa la slaidi hukimbilia ukutani badala ya kuanguka nje.

Kutafuta bila kumwaga hata tone

Anza na macho na vidole. Slaidi ikiwa nje, fuata raba ya ulimi kuanzia kona moja hadi nyingine. Ulimi wa juu unatakiwa kuelekea nje, kama ukingo wa kofia. Mara nyingi kipande kimoja kinakuwa kimejikunja kuelekea ndani, na hapo kinageuka mfereji wa kuyaongoza maji chumbani. Kivute nje kwa kadi ya plastiki, kamwe si kwa bisibisi. Bonyeza raba ya bomba kwa kidole kisha achia. Nzima hurudi papo hapo. Iliyokufa hubaki na shimo, au ina nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka.

Kwenye kona tulia zaidi ya mahali pengine. Raba haiwezi kupinda nyuzi 90 bila kukunjamana, hivyo hukatwa na kuunganishwa hapo, na maungio hayo ndiyo hufunguka kwanza. Kona za juu hupokea maji ya paa. Kona za chini hupokea yote yaliyoteremka kuta. Nikiruhusiwa kukagua sehemu moja tu, ningechagua kona za chini.

Usiku, mwombe mtu mmoja abaki ndani akizungusha tochi kali kwenye mzingo wote wa slaidi, taa zingine zikiwa zimezimwa, nawe uzunguke nje. Mwanga unapopita, maji nayo yana njia. Lakini usichukulie giza kuwa hati ya usalama, maana maji hupenya penye upindo ambapo mwanga haupindi.

Kipimo ninachokipenda ni karatasi. Kata vipande virefu vya upana wa vidole viwili, vipange kila baada ya sentimita 30 mahali raba ya bomba inapobanwa, kisha toa au funga slaidi hadi mwisho. Vuta kila kipande polepole. Kinachong'ang'ania kiko sawa. Kinachochomoka bila ubishi kinakuambia hapo hapabanwi. Andika matokeo: kama vya juu vyote vinachomoka na vya chini vinashika, shida si raba hata kidogo, slaidi imeinama. Anayetaka uhakika zaidi apake chaki raba nzima, afunge, afungue. Chaki itaacha alama kwenye ukingo kila ilipogusa na pengo kila ilipokosa kugusa.

Mita ya unyevu yenye sindano mbili ni kifaa kidogo lakini huokoa ubishi mwingi. Pima plaiwudi ya sakafu na kuta kwa mistari, uandike namba kwa penseli pale pale ulipochoma. Mbao kavu kwa kawaida husoma chini ya asilimia 15. Kuanzia 20 na kuendelea, kuvu wa kuozesha mbao wanaanza kupata makazi. Namba zikipanda unapoelekea upande fulani, umepata mwelekeo wa kufuata. Mara nyingi zitakupandisha ukutani, mbali na zulia lililokushtua.

Sasa maji

Hapa ndipo haraka huharibu kazi. Ondoa zulia, mito ya kochi na vibao vya urembo vinavyofunika ukingo wa ndani, ili maji yakiingia uyaone yanapotokeza na si yanapoishia. Tandaza karatasi za kupangusia mikono chini na kwenye kingo. Tone moja hutosha kuzigeuza rangi. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine awe nje na mpira wa maji.

Mpira uwe na mkondo laini tu, kama mvua. Mashine ya kuoshea kwa presha usiiguse: husukuma maji yakapenya hata kwenye raba isiyo na kosa, ukaishia kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Anza chini. Hili ndilo watu hulikosea zaidi. Ukianza na paa, maji yatateremka na kulowesha kila kitu kilicho chini yake, na utakapoona tone hutajua limeingilia paani, dirishani au sakafuni. Kwa hiyo mwagilia kwanza ukingo wa chini na kona zake peke yake kwa dakika 10 hadi 15. Pakiwa pakavu ndani, panda kwenye kuta za pembeni, upande mmoja baada ya mwingine. Kisha sehemu ya chini ya dirisha, halafu ubavu wake, halafu juu yake. Mwisho ukingo wa paa, na mwisho kabisa paa lenyewe. Dakika 15 kila mahali huonekana nyingi ukiwa umesimama na mpira mkononi, lakini maji huhitaji muda kupita ndani ya ukuta uliojazwa povu la kuzuia joto na kutokea upande wa pili. Aliye ndani akipiga kelele, funga maji, weka alama ya tepu nje mahali ulipokuwa, kausha, kisha rudia mahali pale pale. Ikijirudia, umelipata tundu.

Ikishindikana, geuza mambo: jaza hewa badala ya maji. Funga madirisha, milango na matundu yote ya hewa, uache feni ya paani ikivuta hewa kutoka nje kuingiza ndani, kisha nje upake maji ya sabuni kwa brashi laini kwenye maungio yote yasiyotembea. Hewa inapotoka, povu linachemka. Usitumie kompresa, unachotaka ni msukumo mdogo wa feni, si kuubandua ukuta.

Kuziba, kuanzia lililo jepesi

Kabla ya kugusa chochote: zima umeme wa nje na toa waya hasi wa betri kama utafungua sakafu au ukuta, maana nyaya na mabomba hupita humo. Usiingize mkono wala kichwa chini ya slaidi mtu akiwa karibu na swichi. Na usipande juu ya paa la slaidi. Fanyia kazi kwenye ngazi.

*Slaidi iliyoinama au isiyofika mwisho.* Rekebisha hii kwanza, kwa sababu raba mpya kwenye slaidi iliyopinda itavuja kama ya zamani. Kwenye mifumo yenye mota mbili, moja kila upande, wakati mwingine dawa ni kuendelea kubonyeza swichi hadi mota zote mbili zisimame zenyewe, badala ya kuachia slaidi inapoonekana imefika. Kwenye mifumo ya reli na giya, chini ya gari kuna nati za kurekebisha urefu wa safari ya slaidi na bolti za kuipandisha au kuishusha. Weka alama ya rangi mahali nati ilipokuwa, zungusha nusu mzunguko tu, upande wa pili vivyo hivyo, kisha rudia kipimo cha karatasi. Anayezungusha mara tano kwa mkupuo huishia kuita fundi.

*Raba.* Kata kipande cha sentimita 5 cha raba ya zamani uende nacho dukani. Umbo la bomba, urefu wa ulimi na upana wa kitako lazima vilingane. Nyingine huingia kwenye reli, nyingine hubanwa kwa klipu, nyingine hubandikwa kwa gundi yake. Ondoa mabaki ya gundi kwa kikwaruo cha plastiki na spiriti ya isopropili hadi kitambaa kitoke safi. Wakati wa kuibandika usiivute hata kidogo. Raba iliyovutwa hurudi urefu wake baada ya siku chache, na pengo hutokea konani, mahali pabaya kuliko pote. Iache na ziada ya sentimita mbili tatu, uikate mwishoni. Konani, ulimi wa juu ulalie juu ya ulimi wa pembeni, kama vigae vya paa vinavyolaliana, kisha ujaze maungio kwa gundi ya kuziba isiyotiririka.

*Ukingo wa paa la slaidi.* Chomoa utepe wa plastiki unaofunika skrubu. Skrubu zenye kutu ni ushahidi. Zifungue zote, nyanyua ukanda, kwangua tepu ya zamani. Skrubu inayozunguka bila kushika ina tundu lililooza au kulegea: likiwa limelegea tu, lijaze vijiti vyembamba vya mti vilivyochovywa kwenye gundi ya mbao isiyoogopa maji, ukate juu kwa juu. Laza tepu mpya ya butili, ile ya mpira laini unaonata, yenye upana wa kama milimita 19 na unene wa 3, rudisha ukanda kwa skrubu zisizoshika kutu, ukianzia katikati kuelekea pembeni. Usimalize siku hiyo. Butili husogea taratibu. Kesho yake kaza tena, utaona imetokeza zaidi pembeni. Kata iliyotokeza, ndipo ufunike vichwa vya skrubu na ukingo kwa gundi ya paa.

Kuhusu hizo gundi: mahali palipolala, kama paani, tumia inayojisawazisha yenyewe, mahali palipo wima tumia nzito isiyotiririka, la sivyo asubuhi utaikuta chini ya tairi. Soma kwenye mrija kama inakubaliana na paa lako, kwani utando wa EPDM (wa mpira) na wa TPO (wa plastiki) hautibiwi sawa, na petroli au vimumunyishaji vya jamii yake huvimbisha EPDM. Silikoni ya kawaida iache jikoni. Ikishapakwa, karibu hakuna gundi nyingine inayoshika juu yake, na utando wake mwembamba hubaki hata baada ya kukwangua.

*Dirisha.* Kwanza zibua vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya fremu, kwa waya mwembamba. Vikiziba, maji hujaa kwenye mfereji na kumwagikia ndani, na tiba yake ni dakika tano. Kama si hivyo, fungua skrubu za fremu ya ndani huku mtu wa pili akishikilia kioo kwa nje, litoe dirisha zima, safisha, zungushia tepu mpya ya butili na urudishe. Kaza kwa zamu, skrubu hii kisha ya mkabala wake.

*Sakafu ya slaidi.* Hapa sina maneno matamu. Upande wa chini wa plaiwudi hufunikwa na utando mweusi, na slaidi inapotembea juu ya rola utando huo huweza kukwanguliwa hadi kupasuka. Kingo za plaiwudi zikiwa wazi hunyonya maji kama sifongo. Choma kwa bisibisi kila sentimita 10 kwenye ukingo wa nje. Ikizama kirahisi, mbao imeoza. Kipande kidogo kilicholainika kinaweza kukaushwa na kunyweshwa epoksi nyepesi ya kugandisha mbao. Sehemu pana, hasa inayobeba reli au rola, lazima ikatwe na kubadilishwa, na kazi hiyo mpe fundi mwenye vifaa vya kuibeba slaidi. Utando uliochanika uzibe kwa tepu imara ya kubandika baada ya plaiwudi kukauka kabisa, wala si kabla.

Kukausha kabla ya kufunika

Ukiziba mbao mbichi umefungia maji ndani. Acha sakafu na ukuta wazi, elekeza feni, na kama hewa ya mahali ulipo ina unyevu mwingi tumia mashine ya kunyonya unyevu. Plaiwudi nene huchukua wiki, si siku. Juu inaweza kuonekana kavu huku sindano za mita bado zinasoma 22, basi amini mita. Povu lililolowa na zulia lililoanza kunuka viondolewe; havikauki vikawa kama zamani. Ukuta wa faibaglasi uliovimba nje umeachana na mbao zake, na huo hautarudishwa na feni; ni mradi mwingine kabisa.

Mita ikisoma chini ya 15 kila mahali, rudia kipimo cha mpira wa maji pale pale palipovuja, dakika 15, mtu akiwa ndani. Pakibaki pakavu, andika kwa penseli kwenye plaiwudi tarehe na namba za mita, ndipo urudishe vibao na zulia. Siku utakapohisi tena unyevu mguuni, utakuwa na namba za kulinganisha nazo.